Fizikia na Kemia kwa Pamoja: Hesabu ya Gharama, Kusubiri na Malipo

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, ushauri unaosikika majumbani ni mmoja: kijana aliyefanya vizuri Fizikia na Kemia aendelee na sayansi, maana sayansi inalipa. Inawezekana ni kweli. Lakini ushauri huo hutolewa bila hesabu. Inalipa kiasi gani, inaanza kulipa lini, na inalipa kuliko nini? Katika uchambuzi huu nafuata njia moja tu, ya kijana wa Tanzania anayeyachukua masomo haya mawili kidato cha tano na kuyafikisha kwenye shahada ya sayansi na ualimu. Zipo njia zenye mvuto zaidi, uhandisi na udaktari zikiwa za kwanza. Nimechukua ualimu kwa sababu ndiko Fizikia na Kemia zinakobaki pamoja mpaka kwenye barua ya ajira, na kwa sababu mwajiri mkubwa ni Serikali, ambayo hulipa kwa ngazi.

Tuanze na tahasusi, yaani mkusanyiko wa masomo matatu ambayo mwanafunzi wa kidato cha tano na sita anayabeba kama masomo makuu. Kati ya tahasusi 16 za zamani, zilizokutanisha Fizikia na Kemia ni mbili tu: PCM, yenye Hisabati, na PCB, yenye Biolojia. Hiyo ni asilimia 12.5. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza kuongeza tahasusi mpya 49 na kufanya jumla ya 65. Idadi ya majina iliongezeka mara nne. Idadi ya maabara na walimu haikuongezeka mara nne kwa tangazo hilo, na mzazi anayesoma orodha ndefu asidhani kwamba shule iliyo jirani naye sasa ina kila kilichoandikwa humo.

Masomo mawili yanafungua milango mingapi? Vyuo vikuu huhesabu pointi: A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwa udaktari zinatakiwa angalau pointi 6 katika Fizikia, Kemia na Biolojia, kila somo likiwa na D au zaidi. Kwa kozi nyingi za shahada, ufaulu wa masomo mawili wenye jumla ya pointi 4 unatosha kuomba. Mwanafunzi wa PCB aliyepata D ya Fizikia, D ya Kemia na E ya Biolojia ana pointi 5. Udaktari umefungwa kwake, kwa kuwa Biolojia haikufika D, lakini Fizikia na Kemia peke yake zinampa pointi 4 kamili, na ualimu wa masomo hayo uko wazi. Kwa hiyo somo la tatu ndilo linaloamua kama mtu atakwenda kwenye kozi zenye ushindani mkali, na yale mawili ndiyo yanayomzuia asibaki nje kabisa. Thamani ya kwanza ya kuyaunganisha ni hiyo: ni kinga.

Kinga hiyo ina bei. Ada ya kidato cha tano na sita katika shule za umma ilikuwa shilingi 70,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa bweni, na ilifutwa kuanzia mwaka wa fedha 2022/23. Kwa miaka miwili, mzazi ameokoa shilingi 140,000. Sasa weka pembeni yake gharama ya twisheni. Nachukulia kituo kinatoza shilingi 30,000 kwa somo kwa mwezi, masomo mawili, miezi 10 kwa mwaka, miaka miwili: jumla ni shilingi 1,200,000. Hiyo ni zaidi ya mara nane ya ada iliyofutwa. Shilingi 30,000 ni makisio yangu. Anayelipa 15,000 ataona 600,000, na bado ni zaidi ya mara nne. Gharama kubwa ya sayansi sekondari imehama kutoka kwenye karatasi ya ada kwenda mahali ambapo hakuna risiti.

Chuoni hesabu inaonekana wazi zaidi. Nachukua ada ya shilingi 1,300,000 kwa mwaka kwa shahada ya sayansi katika chuo cha umma, kwa miaka mitatu: shilingi 3,900,000. Fedha za chakula na malazi, zile ambazo wanafunzi huziita bumu, ni shilingi 10,000 kwa siku. Nikihesabu siku 240 za masomo kwa mwaka, miaka mitatu inafika shilingi 7,200,000. Vitabu na vifaa vya kuandikia ni 200,000 kwa mwaka, yaani 600,000. Mafunzo kwa vitendo, siku 56 kwa shilingi 10,000, mara mbili katika kozi, ni 1,120,000. Jumla kuu ni shilingi 12,820,000. Ada, ambayo ndiyo inayolalamikiwa zaidi, ni asilimia 30 tu ya kiasi hicho. Kula na kulala ni asilimia 56.

Je, jumla hiyo inaendana na fedha zinazotolewa kweli? Kwa mwaka wa masomo 2024/25, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilitengewa takriban shilingi bilioni 787 kwa wanafunzi wapatao 245,000. Gawanya: ni kama shilingi milioni 3.2 kwa mwanafunzi. Hesabu yangu ya juu, ikigawanywa kwa miaka mitatu, inatoa milioni 4.27 kwa mwaka. Mkopo wa wastani kwa hiyo unafunika asilimia 75 ya gharama hizo, na pengo la kama shilingi milioni 1.06 kila mwaka linabaki kwa familia. Wastani huo unachanganya kozi zote, na wanafunzi wa ualimu wa sayansi wamekuwa wakipewa kipaumbele, hivyo pengo lao linaweza kuwa dogo. Halitoweki.

Upo pia ufadhili wa Samia, ulioanzishwa mwaka 2022 kwa waliofaulu zaidi tahasusi za sayansi. Mwaka wa kwanza zilitengwa shilingi bilioni 3 kwa wanafunzi 640, wastani wa shilingi milioni 4.69 kila mmoja. Kwa mtu mmoja kiasi hicho kinatosha kufunika gharama zote za mwaka mmoja nilizozitaja na kubakiza. Kwa upana wake, wanafunzi 640 ukiwalinganisha na wanufaika 245,000 wa mikopo ni robo ya asilimia moja. Mzazi anayepanga bajeti kwa kutegemea ufadhili huu anapanga kwa kutegemea jambo linalowapata wachache sana.

Kuna gharama ambayo haihesabiwi kwa shilingi, nayo ni saa za maabara. Tuseme mwanafunzi ana saa tatu za maabara ya Fizikia na saa tatu za Kemia kwa wiki, wiki 15 kwa muhula, mihula miwili. Ni saa 180 kwa mwaka na saa 540 kwa miaka mitatu. Shahada ya miaka mitatu ina angalau krediti 360, na kila krediti ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa: jumla saa 3,600. Maabara peke yake imekula asilimia 15, kabla ya kuandika ripoti. Mwenzake wa Historia na Kiswahili ana saa hizo mikononi, na nyingine anaweza kuzigeuza kibarua.

Hapo ndipo watu husema sayansi ni ghali kwa sababu ya kemikali. Dai hili linapimika. Chukua jaribio ambalo kila aliyesoma Kemia analikumbuka, la kupima tindikali kwa bureti. Kila mwanafunzi anafanya jaribio moja la awali na matatu ya kweli, kila moja likitumia sentimita za ujazo 25 za kaboneti ya sodiamu na kama 25 za tindikali ya haidrokloriki. Wanafunzi 40 watatumia lita 4 za kila kimiminika. Kwa ukolezi wa moli 0.05 kwa lita, lita 4 za kaboneti zinahitaji gramu 21.2 za unga. Kwa moli 0.1 kwa lita, lita 4 za tindikali zinatokana na mililita 35 hivi za tindikali kali ya dukani. Chupa ya gramu 500 ya kaboneti inatosha vipindi 23 vya namna hiyo; chupa ya lita 2.5 ya tindikali inatosha vipindi 71. Hata nusu ikimwagika au kuharibika, darasa linalofanya jaribio hili kila wiki litamaliza chupa ya tindikali baada ya wiki 35.

Kwa hiyo katika jaribio hili kemikali si mzigo. Mzigo ni bureti 20 kama wanafunzi wanafanya wawili wawili, lita 8 za maji safi yaliyochujwa pamoja na ya kusuuzia, na mtu anayejua kuandaa myeyuko na ambaye amewahi mapema kabla ya kengele. Mwanafunzi anainamisha macho usawa wa mstari, anasoma 24.35, mwenzake anasoma 24.40, na mwalimu lazima awepo pale kuwaeleza kwa nini tofauti hiyo inakubalika na ya 24.90 haikubaliki. Anayenunua kemikali bila kuajiri mtu huyo amenunua rafu iliyojaa chupa.

Vyuoni fedha kubwa imekwenda kwenye majengo na vifaa. Mradi wa elimu ya juu uitwao HEET, ulioidhinishwa mwaka 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ni wa dola milioni 425. Kwa kiwango cha wakati ule cha kama shilingi 2,300 kwa dola, ni takriban shilingi bilioni 977. Ukizigawa kwa shilingi 12,820,000 za shahada moja, unapata shahada 76,000 hivi. Ulinganisho huu una kasoro, kwa sababu jengo hutumika miaka mingi na shahada hulipiwa mara moja kwa kila mtu. Lakini unaonyesha ukubwa wa dau, na unazaa swali ambalo linapaswa kuulizwa kila maabara mpya inapozinduliwa: bajeti ya kila mwaka ya kuiendesha ni kiasi gani?

Sasa tuje kwenye hatari ambayo haimo kwenye karatasi ya ada. Fizikia ya chuo kikuu ni hisabati kwa sehemu kubwa, na katika miaka ya karibuni watahiniwa wanaofaulu Hisabati kidato cha nne wamekuwa kati ya moja ya tano na robo. Anayefika chuoni akiwa na msingi dhaifu hukutana na sapu, yaani mtihani wa marudio. Ikishindikana anakeri somo, yaani analibeba hadi mwaka unaofuata, na ikizidi anarudia mwaka au anadisko, yaani anaondolewa chuoni. Kurudia mwaka mmoja kunagharimu ada 1,300,000, chakula na malazi 2,400,000 na vitabu 200,000: shilingi 3,900,000. Ongeza mshahara wa mwaka mzima uliochelewa, ambao hapa chini nitauhesabu kuwa shilingi 7,824,000. Jumla inakuwa 11,724,000. Mwaka mmoja wa kurudia una bei inayokaribia ya shahada nzima, asilimia 91 ya 12,820,000.

Mshahara wenyewe. Natumia shilingi 800,000 kwa mwezi kama mshahara ghafi wa mfano, yaani kabla ya makato. Si kiwango rasmi cha ngazi yoyote; ni namba inayorahisisha hesabu, na msomaji anaweza kuweka yake. Mchango wa pensheni ni asilimia 5, sawa na 40,000. Bima ya afya ni asilimia 3, sawa na 24,000. Mchango wa chama cha walimu ni asilimia 2, sawa na 16,000. Kodi hukatwa kwenye kinachobaki baada ya pensheni, yaani 760,000: shilingi 270,000 za kwanza hazikatwi, 250,000 zinazofuata hukatwa asilimia 8, na 240,000 za mwisho asilimia 20. Kodi inakuwa 68,000. Kabla ya kugusa mkopo, mwalimu ana shilingi 652,000 mkononi.

Kisha Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara ghafi: shilingi 120,000. Zinabaki 532,000. Angalia asilimia hiyo vizuri. Kwenye karatasi ni 15, lakini ukiipima kwa fedha ambazo mwalimu angeshika mkononi ni asilimia 18.4. Hadi mwaka 2016 kiwango kilikuwa asilimia 8, ambacho kwa mshahara huu kingekuwa 64,000.

Deni linaisha lini? Nikichukulia mkopo umefunika gharama zote, shilingi 12,820,000 na asilimia 1 ya gharama za usimamizi ni 12,948,200. Kwa 120,000 kila mwezi, ni miezi 108, miaka tisa kamili, ikiwa mshahara haupandi. Ukipanda, makato hupanda nao na muda hufupika. Kabla ya Julai 2021 palikuwa na tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 kwa mwaka. Kwenye deni la 12,820,000, tozo ya mwaka wa kwanza ingekuwa 769,200, yaani 64,100 kwa mwezi. Zaidi ya nusu ya makato ya 120,000 ingemezwa na tozo, na deni lenyewe lisingeshuka kwa kasi inayoonekana. Kufutwa kwake kumebadilisha hesabu hii kuliko nyongeza nyingi za mshahara. Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 3, mkopo usio na tozo unaolipwa kwa miaka tisa unapungua thamani kwa kama asilimia 12 katika kipindi cha kulipa. Kwa maneno mengine, mkopaji anasaidiwa takriban shilingi milioni 1.6 bila kuambiwa.

Hadi hapa sijaonyesha kwamba Fizikia na Kemia zinalipa kuliko masomo mengine, na sababu ni rahisi: katika utumishi wa umma hazilipi kuliko mengine. Mwalimu mwenye shahada anayeanza kazi huingia ngazi ileile, awe wa Kemia au wa Jiografia. Yeyote anayesema mwalimu wa sayansi anapata mshahara mnono zaidi aonyeshe ngazi hiyo iko wapi.

Tofauti, kama ipo, iko kwenye muda wa kusubiri ajira, na muda huo una bei. Mwezi mmoja wa kusubiri ni shilingi 652,000 zisizopatikana. Mwaka ni 7,824,000. Gawanya mkopo wote, 12,948,200, kwa 652,000: miezi 19.9. Mhitimu anayekaa nyumbani miezi 20 amepoteza kiasi kinacholingana na gharama ya shahada yake yote.

Kwa hiyo swali sahihi ni hili: sayansi imuwahishe mtu kazini kwa miezi mingapi ili gharama yake ya ziada irudi? Nachukulia ada ya shahada ya sanaa na ualimu ni 1,000,000 kwa mwaka. Tofauti ya ada kwa miaka mitatu ni 900,000. Ongeza twisheni ya 1,200,000, nikidhani wa sanaa hakulipa twisheni yoyote, jambo linalompendelea. Kwa hatari ya kurudia mwaka, nachukulia mwanafunzi wa sayansi ana uwezekano wa ziada wa asilimia 10. Asilimia 10 ya 11,724,000 ni 1,172,400. Jumla ya ziada ni 3,272,400. Ukigawa kwa 652,000 unapata miezi mitano. Kama uwezekano wa kurudia ni asilimia 30 badala ya 10, ziada inakuwa 5,617,200 na miezi inafika 8.6. Hata hapo hatujafika mwaka.

Matokeo haya yananishawishi kuliko kaulimbiu yoyote. Mchepuo huu hauhitaji mshahara mkubwa zaidi ili ujilipe. Unahitaji kumfikisha mhitimu kazini miezi mitano hadi tisa mapema kuliko mwenzake. Mwaka 2017, baada ya ajira kusimama kwa muda, walimu waliotangulia kuitwa walikuwa wa sayansi na hisabati. Kwa mwaka ule, sayansi ilimuwahisha mtu kazini.

Lakini 2017 si leo. Januari 2025, waombaji 201,707 walikuwa wakigombea nafasi 14,648 za ualimu. Ni waombaji karibu 14 kwa nafasi moja, asilimia 7.3 ndio waliokuwa na mahali pa kwenda. Namba hiyo imenukuliwa sana kuthibitisha kwamba ualimu umejaa. Haithibitishi hivyo kwa kila somo. Imechanganya shule za msingi na sekondari, stashahada na shahada, Uraia na Fizikia. Inawezekana somo moja lina waombaji 40 kwa nafasi na jingine lina watatu, na wastani ukabaki uleule 14. Mtu anayechagua tahasusi hawezi kuutumia wastani huo, kama vile asivyoweza kuvaa kiatu cha wastani wa familia.

Liko jambo jingine ambalo hesabu za ajira huliacha. Fikiria shule ndogo ya mkondo mmoja, kidato cha kwanza hadi cha nne. Nikichukulia vipindi vinne kwa wiki kwa kila somo, Fizikia ina vipindi 16 na Kemia 16. Mwalimu wa masomo yote mawili anafundisha vipindi 32, vya dakika 40: saa 21 na dakika 20, bila kuhesabu kuandaa maabara na kusahihisha. Walimu wawili wa somo mojamoja wangefundisha 16 kila mmoja. Kwa kumpata yule wa kwanza, mwajiri ameokoa mshahara wa mtu mmoja: 800,000 mara 12 ni 9,600,000, pamoja na mchango wa mwajiri wa asilimia 15 ya pensheni na 3 ya bima, jumla shilingi 11,328,000 kwa mwaka. Mwalimu mwenyewe haongezewi hata shilingi kwa somo la pili. Faida ya kuunganisha Fizikia na Kemia ipo na inapimika kwa mamilioni, na karibu yote inaingia upande wa mwajiri. Naona hilo si haki, na posho ya somo la pili ingekuwa hoja ya kwanza ambayo chama cha walimu kingeweza kuipeleka mezani ikiwa na namba.

Kuziba pengo la walimu wa sayansi kwa haraka nako kulijaribiwa. Chuo Kikuu cha Dodoma kilipokea wanafunzi wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi, hisabati na teknolojia ya habari, na Mei 2016 zaidi ya 7,000 kati yao walirudishwa nyumbani baada ya walimu wao kugoma kufundisha. Kwa idadi hiyo, mpango ulikuwa mkubwa. Wahadhiri na mpangilio wa malipo yao ndivyo vilivyokosa kukua sambamba.

Nje ya ualimu, mahali ambapo masomo haya mawili hayawezi kutenganishwa kabisa ni tiba ya nyuklia, inayotolewa kwenye Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Teknesiamu-99m inayotumika kupiga picha za mifupa hupungua nusu kila baada ya saa 6. Huchujwa kutoka kwenye molibdenamu-99, ambayo hupungua nusu kila saa 66. Chombo kilichofika leo, baada ya siku saba kimebaki na asilimia 17 ya nguvu yake. Fizikia inasema kuna muda gani na kamera itaona nini; Kemia ndiyo inayoifunga teknesiamu kwenye molekuli inayokimbilia mfupani. Florini-18, ya vipimo vya hali ya juu zaidi, hupungua nusu kila dakika 110 tu: safari ya saa tano na nusu inabakiza moja ya nane, hivyo mtengenezaji lazima aandae mara nane ya kinachohitajika kwa mgonjwa. Kazi hizi ni muhimu, na anayezipata anafanya kazi ya maana sana. Lakini idara ya namna hiyo huendeshwa na timu ndogo, wakati shule za sekondari za Serikali ni zaidi ya 4,000. Kijana ajue uwiano huo kabla ya kuahidiwa saikrotroni, mashine ya kutengenezea florini hiyo.

Tukirudi kwenye ualimu, Kenya imefika kwenye shahada ileile kwa njia tofauti kidogo. Mfumo wa 8-4-4 ulimfikisha mwanafunzi kwenye shahada baada ya miaka 16, sawa na 7, 4, 2 na 3 za Tanzania. Kule miaka minne ya mwisho yote ni ya chuo, yenye ada na mkopo. Hapa ni mitatu, na miwili ya kabla yake haina ada tangu 2022. Kwa urefu wa deni, njia ya Tanzania ni nafuu kwa mwaka mmoja. Tume ya walimu ya Kenya nayo hudai masomo mawili ya kufundishia, na C+ katika kila moja.

Hesabu yote hapo juu imesimama juu ya makisio matatu ambayo yangeweza kuwa takwimu: waombaji kwa kila nafasi kwa kila somo, miezi ya kusubiri kati ya kuhitimu na kuajiriwa, na idadi ya wanaorudia mwaka katika kozi za sayansi. Namba hizi zinaweza kupatikana. Sekretarieti ya Ajira humtaka kila mwombaji ajaze masomo yake na mwaka aliohitimu. Vyuo vikuu vina orodha za waliorudia. Bodi ya Mikopo inajua makato ya kila mnufaika aliyeajiriwa yalianza mwezi gani. Naziomba taasisi hizo tatu zichapishe namba hizo kila mwaka, somo kwa somo, kabla wahitimu wa kidato cha nne hawajafunguliwa mfumo wa Selform kubadili tahasusi zao.